Kuishi Buruburu: chunguza koti kabla ya kuchungulia nyumba

Mleta uzi

Wanaotafuta nyumba Buruburu, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, huanza kwa kuuliza habari za fezi, yaani awamu za ujenzi: kama Fezi ya Kwanza ina utulivu kuliko ya Tatu, kama ya Tano iko mbali mno na Barabara ya Jogoo. Swali hilo lina msingi wake, kwa kuwa mtaa ulijengwa kwa fezi tano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila fezi ina ramani yake. Hata hivyo, mimi niliyeanza kuishi hapa kama mpangaji na baadaye nikawa mweka hazina wa kamati ya wakazi, ninaamini kwamba fezi haimwambii mgeni jambo kubwa. Jambo kubwa ni koti, yaani lile kundi la nyumba zinazozunguka uwanja mmoja na kutumia lango moja. Makoti mawili yanayopakana, yaliyojengwa kwa wakati mmoja na kwa ramani moja, yanaweza kutofautiana kiasi kwamba katika moja watoto wanaendesha baiskeli hadi jua linapotua, na katika lingine wazazi hawathubutu kuwaacha watoke mlangoni.

Ili kueleza sababu yake ni lazima nirudi nyuma kidogo. Buruburu ilijengwa kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji la Nairobi na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, lililokuwa chombo cha serikali ya Uingereza. Nyumba zake, zipatazo 5,000, zilikusudiwa watu wenye mshahara wa kutegemewa ambao wangeweza kulipa mkopo wa nyumba kwa miaka mingi: makarani, walimu, wauguzi na maafisa wa serikali wa ngazi ya kati. Hapo ndipo inapotofautiana na majirani zake. Ukienda Jericho, Maringo au Kaloleni, utakuta mitaa ya zamani zaidi ambayo mwenye nyumba ni serikali ya jiji na wakazi wake ni wapangaji wa serikali hiyo. Buruburu nyumba ziliuzwa, na kila mnunuzi akawa na mamlaka juu ya kiwanja chake kidogo. Uwanja wa katikati, taa za njiani, mitaro ya maji ya mvua na vijia vya miguu vikabaki mali ya wote, vikisubiri kutunzwa na baraza.

Baraza lenyewe lilivunjwa mwaka 1983, wakati ujenzi wa mtaa ukielekea ukingoni, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi uchaguzi wa mwaka 1992. Wakazi wa siku hizo wanakumbuka vizuri jinsi taa zilivyozimika moja baada ya nyingine bila kubadilishwa na jinsi takataka zilivyorundikana. Wizi ulipozidi katika miaka ya 1990, watu wakaanza kuchangishana: wakaweka lango, wakaajiri askari wa usiku, wakanunua taa, wakafunga vijia vilivyokuwa vikiunganisha koti moja na jingine. Kwa hiyo kamati ya koti haikuundwa na sheria yoyote. Iliundwa na haja, na inaendelea kuishi kwa kuaminiana tu, jambo linaloeleza kwa nini baadhi zina nguvu na nyingine zilikufa zamani.

Koti lenye kamati hai utalitambua upesi. Askari wa langoni anamjua kila mkazi kwa jina na anamuuliza mgeni anakokwenda kwa heshima lakini bila kuona haya. Mitaro imezolewa mchanga kabla ya mvua za Machi. Mchango wa kila mwezi, ambao katika makoti mengi ninayoyajua ni shilingi elfu moja au mbili kwa nyumba, unaandikwa na hesabu yake inasomwa mbele ya watu. Mkazi akifiwa, viti na turubai vinafika mlangoni kabla hajaviomba. Katika koti lisilo na kamati, lango liko wazi na kutu limelila, mashimo yaliyo mbele ya nyumba yanajazwa na yule mmoja aliyechoka kuyaruka, na jirani wa nyumba ya tatu ni mtu usiyemjua hata kwa sura. Kodi ya makoti yote mawili ni ile ile. Nyumba nzima ya vyumba vitatu vya kulala hutangazwa kwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwezi, na dalali hatakuambia neno juu ya kamati kwa sababu haimlipi.

Ninafungua uzi huu ili wanaotaka kuhamia waulize na wanaoishi hapa wanisahihishe au waongeze.

---

Mchangiaji kutoka Kahawa Magharibi

Ahsante kwa maelezo, ndugu. Ninatafuta nyumba ya kuhamia pamoja na watoto wangu wadogo na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kubeba chochote kizito. Huku ninakoishi tumezoea kubeba maji kwa mitungi, na sitaki kuyahamisha mateso hayo pamoja na samani. Hali ya maji Buruburu ikoje kwa ukweli?

---

Mleta uzi

Dada, umeuliza jambo linalostahili jibu refu, maana maji ndiyo yanayowatoa watu Buruburu kuliko wizi na kelele zikijumlishwa.

Maji ya bomba yapo, na mabomba yanafika katika kila nyumba ya awali. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na tangu wakati huo jiji limeongezeka watu kuliko bwawa linavyoweza kuwatosheleza. Ndiyo sababu maji hugawanywa kwa ratiba hata katika miaka ya mvua nzuri: mtaa fulani unapata siku fulani, mwingine siku nyingine. Buruburu imo katika ratiba hiyo. Katika ukame, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapokuja haba, siku za zamu hupungua na presha hushuka, kwa hiyo maji yanafika sakafu ya chini na kushindwa kupanda hadi bafu la ghorofani.

Kutokana na hayo, swali la kumuuliza mwenye nyumba si kama maji yapo, kwa sababu atajibu kwamba yapo na hatakuwa amesema uongo. Muulize kuna tangi la lita ngapi chini, kuna tangi juu ya paa, na kuna pampu ya kuyainua kutoka chini hadi juu. Muulize tangi hilo linatumiwa na nyumba ngapi. Familia ya watu watano inayotumia maji kwa uangalifu inaweza kumaliza tangi la lita 1,000 kwa siku chache, na ikiwa tangi hilo hilo linawanywesha wapangaji wa vyumba vinne vya nyongeza vilivyojengwa uani, zamu ya maji itakapopita mtarudi kwenye mitungi ile ile unayoikimbia. Kwa sababu ya mama yako, ningekushauri utafute nyumba ambayo tangi la chini lina bomba la kwake jikoni, ili umeme ukipotea na pampu ikanyamaza, yeye afungue maji bila kupanda ngazi.

Kisha kuna visima virefu. Makoti kadhaa na baadhi ya wenye nyumba wamechimba, na madalali huvisifu sana. Maji ya kisima yanafaa kwa kufua, kuoga na kupiga deki, lakini ya kunywa yanahitaji tahadhari. Miamba ya volkano iliyo chini ya Nairobi ina floridi nyingi, na maji ya visima vingi vya jiji hili huzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Athari yake huonekana kwa watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi: yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Ikiwa koti lina kisima, omba kuona cheti cha maabara, na ikiwa hakuna cheti, watoto wako wanywe maji ya bomba yaliyochemshwa au ya kununua. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona wazazi wengi, wasomi kabisa, wakiridhika kwamba maji ni meupe na hayana harufu.

---

Mchangiaji kutoka Umoja

Ndugu mleta uzi, ninakuheshimu, lakini ninaona unaipamba Buruburu. Mimi ninaishi Umoja, upande wa pili wa soko la Mutindwa, na ninapita mtaani kwenu karibu kila siku. Umoja nayo ilianza katika miaka ya 1970 kwa mpango na ramani, kwa fedha zilizotoka Marekani, ikiwa na nyumba ndogo za chini ambazo mwenyewe alitarajiwa kuziongeza vyumba kadiri alivyopata uwezo. Leo nyumba hizo zimegeuka kuwa majengo ya ghorofa tano, sita, saba, na jua halifiki chini. Buruburu inaelekea huko huko, tofauti ni kwamba nyinyi mnakwenda polepole na kulipa kodi kubwa zaidi njiani. Ukitembea katika Barabara ya Mumias Kusini, huoni tena nyumba za awali. Unaona maduka, baa, maduka ya dawa na vyumba vya kupanga vilivyotokeza hadi ukingoni mwa barabara. Kwa nini mtu alipe kodi ya Buruburu ili apate Umoja iliyochelewa?

---

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Umoja, unayoyasema kuhusu Mumias Kusini ni kweli tupu, na yapo makoti ndani kabisa ambayo pia yamefika ulikotaja. Ramani ya awali ilikuwa na nyumba za chini na mesoneti za ghorofa moja, zenye vigae vyekundu juu na bustani ndogo mbele. Katika makoti mengi bustani zimekwisha. Mahali pake pamesimama vyumba vya nyongeza vya kupanga, vingine vya ghorofa mbili au tatu, vikiwa karibu sana na dirisha la jirani hata mtu akipika kitunguu upande huu harufu inaingia upande wa pili kabla mwenyewe hajakila.

Ninachokataa ni kusema kwamba mwisho umekwisha kuandikwa kwa mtaa mzima. Yapo makoti ambayo wenye nyumba walikaa mapema wakakubaliana kwa maandishi: hakuna atakayepita ghorofa moja, hakuna atakayejenga juu ya mtaro, hakuna atakayefungua duka linaloelekea ndani. Makubaliano hayo yameheshimiwa, na ukiingia katika makoti hayo leo utaona vigae vile vile na miti iliyopandwa na wanunuzi wa kwanza. Mpangaji anayelipa kodi ya Buruburu anastahili kupata koti la namna hiyo, na ndiyo maana ninasema alichunguze kabla ya kutia saini.

Achunguze pia kuta, kwa sababu ghorofa za nyongeza zinaelemea msingi. Nyumba nyingi za upande wetu zimejengwa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi wa nyumba za awali ulipimwa kwa uzito wa nyumba za awali. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, uliza kama umewahi kuzibwa na kufunguka tena.

---

Mchangiaji, mkazi wa Fezi ya Pili

Nimesoma kwa makini, nanyi vijana mniwie radhi nikisema kwa niaba ya sisi tulionunua. Mnapotaja vyumba vya nyongeza mnatutaja kama walafi. Nilimaliza kulipa mkopo wa nyumba hii nikiwa bado kazini, nikaona nimemaliza safari. Nilipostaafu, pensheni niliyopewa haikuweza kununua dawa za shinikizo la damu na kulipa karo ya mtoto wa mwisho kwa mwezi mmoja. Nilikuwa na uwanja mbele ya nyumba, uliokuwa na mchungwa na kamba ya kuanikia nguo. Nikajenga vyumba vitatu. Vyumba hivyo ndivyo vilivyomfikisha mtoto chuo kikuu, na ndivyo vinavyoniruhusu mimi na mama watoto kuzeekea hapa badala ya kuuza na kurudi mashambani tulikokwisha kusahaulika. Wanaolala katika vyumba hivyo nao ni watu: wauguzi wanaoanza kazi, wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani. Wangepanga wapi karibu na mji kwa kodi wanayoimudu?

---

Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Ninashukuru kwamba umeandika, na ninataka ieleweke kwamba neno langu halikuwa juu ya wewe wala wenzako. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mzee aliyelipa mkopo wake wote akae na njaa ili jirani aone bustani. Mji huu haukuwajengea wafanyakazi vijana nyumba za kutosha, na vyumba vya nyongeza vya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, ndivyo vilivyowapokea. Katika Buruburu chumba kimoja chenye choo chake hupatikana kwa kodi ambayo ni sehemu ndogo tu ya kodi ya nyumba nzima, na nimeona vijana wakianzia humo na kuishia kuwa nguzo za koti.

Ninalolililia mimi, mzee, limo chini ya ardhi. Bomba la maji taka linalopita nyuma ya nyumba zetu lililazwa kwa hesabu ya familia moja kwa kila nyumba. Leo nyumba ile ile inaweza kuwa na familia kuu na wapangaji wanane au kumi, wote wakioga na kufua asubuhi moja, na maji hayo yote yanatafuta njia moja kuelekea mashariki hadi kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai. Anayejenga juu ya shimo la kukagulia maji taka, na wapo waliofanya hivyo, anafanya bomba lisiweze kuzibuliwa kabisa. Siku linapoziba, uchafu hautoki kwake. Unatoka katika nyumba iliyo chini zaidi ya mteremko, ambayo huenda haina hata chumba kimoja cha nyongeza.

Katika koti letu tulilitatua suala hili kwa njia ambayo labda itawafaa wengine. Tulikubaliana kwamba mchango wa kuzibua bomba utalipwa kwa kila mlango wa kupanga, si kwa kila kiwanja, hivyo mwenye milango minne akalipa mara nne. Tulikubaliana pia kwamba kila shimo la kukagulia libaki wazi na lifikike hata kama limezungukwa na ujenzi. Ubishi ulikuwa mkali, mikutano ilivunjika, lakini wenye vyumba vingi walikubali walipoona kwamba mpangaji huhama upesi kutoka mahali panaponuka. Nafikiri mzee mwenyewe, kama mtu aliyejenga kwa haja na siyo kwa pupa, angekuwa wa kwanza kuunga mkono utaratibu kama huo.

---

Mchangiaji, mkazi wa Fezi ya Pili

Marahaba, mwanangu. Hesabu ya kulipa kwa mlango ni ya haki, na nitaipeleka kwa wenzangu. Kwetu bado tunalipa sawa kwa sawa, na nilikuwa nikijua moyoni kwamba jirani yangu mjane ananilipia mimi.

---

Mchangiaji, mfanyakazi wa Eneo la Viwanda

Mimi ni kijana ninayefanya kazi kwa zamu, baadhi ya wiki usiku. Nahitaji chumba kimoja tu, usafiri wa uhakika, na mahali ninapoweza kulala mchana. Je, Buruburu inanifaa?

---

Mleta uzi

Kwa usafiri inakufaa sana. Matatu za nambari 58 zinaunganisha Buruburu na katikati ya jiji kuanzia alfajiri hadi usiku, na umbali haufiki kilomita kumi, ingawa Barabara ya Jogoo inaweza kuufanya uwe safari ya saa nzima jioni. Matatu hizi zina sifa zake nchini kote kwa michoro na muziki, na abiria asiyependa sauti kubwa ajue kwamba atapanda kile kitakachofika. Wewe unayekwenda Eneo la Viwanda una bahati zaidi, kwa kuwa liko ng'ambo ya Jogoo na reli, na wafanyakazi wengi huenda kwa miguu kwa makundi alfajiri. Mwenye kazi Syokimau au Embakasi anaweza pia kutumia treni kutoka stesheni ya Makadara, ambayo haikwami katika msongamano. Ukitoka zamu usiku wa manane, tembea na wenzako na upite kwenye barabara yenye taa hata kama inaongeza mwendo, kwa sababu wanyakuzi wa simu wanaotumia pikipiki wanapendelea mtu aliye peke yake.

Kuhusu kulala, epuka nyumba yoyote iliyo safu ya kwanza au ya pili kutoka Mumias Kusini. Baa ziko hapo, na maspika yao yameelekezwa nje. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inaruhusu baa za kawaida kufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa wiki. Kanuni za kudhibiti kelele zimekuwapo tangu mwaka 2009. Anayeishi karibu anajua kwamba maandishi hayo hayazimi spika. Makoti yaliyofanikiwa kupata nafuu ni yale yaliyoandika malalamiko kwa pamoja, yakiwa na saini za nyumba zote pamoja na tarehe na saa za kila tukio, na kuyafuatilia wakati leseni ya baa ilipokuwa ikisubiri kufanywa upya. Barua ya mtu mmoja huwekwa kando. Kwa kuwa wewe utalala mchana, sikiliza pia watoto: koti lenye watoto wengi ni koti zuri, lakini si kwa mtu wa zamu ya usiku, hivyo tafuta chumba ambacho dirisha lake halielekei uwanjani.

---

Mchangiaji kutoka Kahawa Magharibi

Ndugu, umetaja watoto. Je, wana mahali pa kwenda zaidi ya uwanja wa koti? Na moshi wa Dandora ninaousikia ukisemwa, unafika?

---

Mleta uzi

Dada, moshi unafika baadhi ya usiku. Jaa la Dandora limetumika tangu miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini takataka za jiji bado zinapelekwa huko na huwaka moto mara kwa mara. Upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka upande wa mashariki na kaskazini mashariki, nasi tuko kusini magharibi mwa jaa. Moshi huo hautusumbui kama unavyowasumbua wakazi wa Dandora na Kariobangi, ambao ndio wanaobeba mzigo wote, lakini ikiwa mmoja wa watoto ana pumu, fezi zilizo karibu na Jogoo zitamfaa kuliko zile za upande wa Barabara ya Outer Ring.

Mahali pa watoto ni pa kuridhisha. Kuna shule za msingi za umma ndani na kando ya mtaa, kama Bidii na Rabai Road, zinazofikika kwa miguu. Maktaba za umma za Makadara na Kaloleni, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ziko jirani na zimekarabatiwa vizuri katika miaka ya karibuni. Mtoto anayependa mpira atapelekwa na wenzake hadi uwanja wa Camp Toyoyo huko Jericho, uliolea wachezaji wengi wa Eastlands. Nyama ya nafuu iko soko la Burma na mboga ziko Mutindwa. Mama yako atapata kanisa au msikiti bila kupanda gari, na hapa wazee hawakai peke yao ikiwa koti lina uhai.

---

Mchangiaji kutoka Umoja

Ongeza neno moja kuhusu amana na mkataba, kwa sababu wageni wengi wanaumia hapo.

---

Mleta uzi

Umenikumbusha vyema. Wapangaji wengi wanadhani kwamba mahakama ya kodi za nyumba itawalinda dhidi ya kupandishiwa kodi ghafla. Sheria ya Kudhibiti Kodi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hakuna chumba cha kodi hiyo Buruburu. Mkataba wako ndio ngao yako. Uandike amana ni kiasi gani na itarudishwa baada ya siku ngapi, kodi itapandishwa kwa notisi ya muda gani, nani analipa mchango wa koti, na kama mita ya umeme ni yako peke yako. Mita inayochangiwa na vyumba vya uani huleta ugomvi kila tokeni inapokwisha, na ugomvi huo hauna mshindi. Piga picha za kuta, sinki na vigae siku unayopewa funguo, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Kwa dada wa Kahawa Magharibi, nina pendekezo moja la utaratibu. Usiende kutazama nyumba asubuhi ya Jumapili, wakati mtaa wote uko ibadani na kila koti linaonekana tulivu. Nenda jioni ya siku ya kazi saa kumi na mbili hivi, peke yako bila dalali, na ikiwezekana siku iliyonyesha. Simama langoni uone kama askari atakuuliza. Angalia maji ya mvua yanakoelekea. Zungumza na mama mboga aliye nje ya lango, kwa sababu yeye anajua nani amehama na kwa nini. Kisha uliza ni nani mweka hazina wa koti na uombe kuona hesabu za miezi mitatu iliyopita. Mkazi atakayekuonyesha daftari bila kusita amekujibu maswali mengi kwa mara moja, na ukimkosa mtu anayejua hata jina la mweka hazina, endelea hadi koti linalofuata.